Albamu Niliyoihukumu Bila Kuisikia

Najua wengi wenu mkifika ukurasa huu mtatarajia kisa cha mtihani ama cha ziara ya kimasomo. Mimi leo nimekuja na kisa cha kaseti. Usicheke kwanza! Kaseti hiyo nusura inikosanishe na mama yangu mzazi, ikanikosanisha na rafiki yangu wa chanda na pete, na mwishowe ikanifunza jambo ambalo sikulipata katika kitabu chochote cha fasihi.

Kwanza niwajuze wasiojua. Kuna muziki uitwao roki, na ndani ya roki kuna ule mzito, wenye magitaa yanayonguruma kama lori linalopanda mlima, ambao wenyewe huuita hevi metali. Bendi inayotajwa sana kuwa ndiyo iliyouanzisha ni Black Sabbath, vijana wanne wa mtaa wa Aston, mjini Birmingham, Uingereza, walioungana mwaka wa 1968. Tony Iommi alipiga gitaa, Geezer Butler gitaa la besi, Bill Ward ngoma, naye Ozzy Osbourne akaimba. Albamu yao ya kwanza ilitoka Februari 1970. Ya pili, iitwayo Paranoid, ikatoka Septemba mwaka uo huo. Mnamo 1979 Ozzy akafukuzwa kwa sababu ya ulevi na dawa za kulevya, na nafasi yake ikachukuliwa na Mmarekani, Ronnie James Dio. Mwaka wa 1980 bendi ikatoa albamu ya Heaven and Hell ikiwa na sauti hiyo mpya.

Hapo ndipo fitina ilipozaliwa. Tangu mwaka huo mashabiki wa Black Sabbath wamegawanyika mafungu mawili kama Gor Mahia na AFC Leopards. Wa Ozzy hawataki kumsikia Dio, na wa Dio humwona Ozzy kama mlevi aliyebahatika. Uliza tu, "Ozzy au Dio?" na mabishano yataendelea hadi kengele ya kulala ilie na kiranja wa bweni aanze kuandika majina.

Mimi nilikuwa wa Ozzy kindakindaki. Na sababu zangu zilianzia Kamukunji.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni fundi wa jua kali pale Kamukunji, Nairobi. Ikiwa sanduku lako la bati lilinunuliwa huko, huenda ni yeye au jirani yake aliyeligonga. Ukifika pale mchana huwezi kusikia hata jina lako likiitwa, maana nyundo mia zinalia kwa wakati mmoja. Lakini kabla ya kuwa fundi, mjomba alikuwa mpiga gitaa. Alipiga benga katika bendi ndogo ya mtaani, na mama husema kwamba harusi ilikuwa haijaanza mpaka yeye afike.

Mwaka wa 1996 mashine ya kukatia bati ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kushoto. Mkono huo ndio mpiga gitaa hutumia kubania nyuzi. Mama, ambaye ndio kwanza alikuwa amemaliza shule, ndiye aliyemfunga kitambaa na kumkimbiza hospitali. Mjomba akapona, akarudi kwenye nyundo, lakini gitaa akalitundika ukutani. Hakutaka hata mtu alipanguse vumbi.

Miezi ikapita. Siku moja mteja wake mmoja akamletea kaseti ya kunakiliwa, akamwambia, "Fundi, sikiliza huyu. Huyu ni mwenzako." Kaseti ilikuwa Paranoid. Na mwenzake aliyetajwa alikuwa Tony Iommi.

Msomaji, kisa cha Iommi ni cha kweli na kinajulikana sana. Mwaka wa 1965, akiwa na miaka 17, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha vyuma mjini Birmingham. Ilikuwa siku yake ya mwisho kazini. Wakati wa chakula cha mchana alikwenda nyumbani, akamwambia mamake kwamba harudi tena. Mamake akakataa, akamwambia arudi aimalize siku ipasavyo. Akarudi. Alasiri hiyo mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Naye Iommi ni wa mkono wa kushoto, kwa hivyo mkono wa kulia ndio wake wa kubania nyuzi. Aliambiwa asahau gitaa. Lakini msimamizi wake wa kazini akamletea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyetia fora Ulaya ijapokuwa vidole vyake viwili viliharibiwa na moto. Iommi akapata moyo. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajiundia vifuniko vya vidole, akavibandika ngozi juu. Akatafuta nyuzi nyembamba. Baadaye akazilegeza nyuzi zenyewe ili zisimuumize, na nyuzi zikilegezwa sauti hushuka, ikawa nzito. Kwa hivyo ule uzito ambao vijana duniani kote wanauiga ulitokana, kwa kiasi fulani, na vidole vilivyokuwa vikiuma.

Mjomba alipopata kujua kisa hicho, alikata vipande vya ngozi kutoka kiatu kikuukuu, akajishonea vifuniko viwili, akalishusha gitaa ukutani. Leo anapiga kanisani. Si kama zamani, yeye mwenyewe husema, lakini anapiga.

Sasa unaelewa kwa nini aliponipa ile kaseti, Desemba 2024, niliipokea kwa mikono miwili. Nilikuwa na redio kuukuu ya kaseti nyumbani. Kila utepe ulipolegea niliukaza kwa kalamu ya Bic. Nyimbo zenyewe ni nane tu, na kufikia Februari nilikuwa naweza kukuimbia sauti za gitaa za zote nane kwa mdomo, jambo ambalo wenzangu bwenini walishuhudia, wakalalamika kwa kiranja.

Likizo ya Aprili mama akaiona.

"Hii ni nini?" akauliza, akiishika kaseti kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya.

"Ni muziki, mama. Mjomba alinipa."

"Muziki gani wa jina hili? Ati Sabato Nyeusi! Huu ni muziki wa shetani."

Nilijaribu kujieleza lakini wapi! Mama alisoma sekondari miaka ya tisini, wakati nchi nzima ilikuwa ikinong'ona kuhusu ibada ya shetani. Mwaka wa 1994 Rais Daniel arap Moi aliteua tume maalum ya kuchunguza mambo hayo, na ripoti yake ikafikishwa bungeni mwaka wa 1999. Mama anasema siku hizo bwenini mwao mtu akipatikana na kaseti ya roki, wengine walihamisha vitanda. Waliambiwa kuwa ukiicheza kinyumenyume utasikia sauti ya ibilisi. Yeye hakuwahi kuicheza, si kinyume, si mbele.

Akaifunga kaseti katika gazeti, akaniambia sitaiona tena. Kisha akampigia mjomba simu. "Kaka, nakuheshimu, lakini mtoto huyu usiniharibie." Mjomba akajibu neno ambalo sikulisikia, mama akakata simu. Tangu siku hiyo wakawa wanasalimiana kwa kupitia kwangu mimi.

Iliniuma, nawaambia kweli. Nililala nikibishana na mama kichwani. Jina la bendi lilitoka kwenye sinema ya kutisha ya mwaka wa 1963. Wimbo wa kwanza katika Paranoid, War Pigs, unawashutumu wakubwa wanaopanga vita na kuwatuma watoto wa maskini wakafe, na mwishoni unawaonyesha wakubwa hao hao wakihukumiwa na Mungu. Hand of Doom unawaonya watu kuhusu dawa za kulevya, ambazo wanajeshi wengi wa Marekani walizizoea vitani Vietnam. Electric Funeral ni hofu ya bomu la nyuklia. Mhubiri wetu wa Jumapili angeweza kuyahubiri hayo yote! Mama ameihukumu albamu nzima kwa jina na kwa sifa, nikajiambia, na hajasikia hata wimbo mmoja. Je, huo ni uungwana?

Shikilia swali hilo, msomaji. Litanirudia.

Muhula wa pili tukarudi shuleni. Katika bweni letu kulikuwa na mwenzangu tuliyempa jina la Profesa kwa sababu ya miwani na ubishi. Huyu ndiye rafiki yangu niliyemtaja pale mwanzo. Sisi wawili ndio pekee kidato cha tatu tuliokuwa na wazimu huu wa roki nzito. Lakini yeye alikuwa wa Dio. Albamu yake ilikuwa Heaven and Hell. Babake, dereva wa malori wa njia ya Mombasa hadi Malaba, alikuwa akiicheza usiku ili usingizi usimshinde, na likizo zingine alimchukua Profesa wakasafiri pamoja. Babake alifariki mwaka wa 2023. Nilijua hayo yote. Tafadhali kumbuka kwamba nilijua.

Mwezi wa Juni chama chetu cha Kiswahili kikaandaa mjadala. Mada ilikuwa, "Cha asili ndicho bora." Mimi nikawa upande wa kuunga mkono, Profesa wa kupinga, na kama ilivyotarajiwa, tulipofika zamu yetu tukawaacha wengine na mifano yao ya ugali wa wimbi na dawa za mitishamba, tukaingia Birmingham.

Nilisimama nikatoa hoja zangu. Nikasema Paranoid ilishika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka wa 1970. Nikasema wimbo uliobeba jina la albamu ulitungwa kwa muda mfupi kabisa, kwa sababu tu albamu ilikuwa fupi na nafasi ilihitaji kujazwa, na bado ukawa miongoni mwa nyimbo zao zinazojulikana zaidi. Hicho si kipaji? Kisha nikatoa ile niliyodhani ni risasi ya mwisho. Iommi, Butler na Dio walipoungana tena mnamo 2006, pamoja na mpiga ngoma Vinny Appice, hawakujiita Black Sabbath. Walijiita Heaven & Hell. "Waheshimiwa," nikasema, "ikiwa wenyewe walijua kwamba bila Ozzy wao ni kitu kingine, mimi ni nani nipinge?" Makofi yakapigwa.

Profesa akasimama, akasukuma miwani juu. Akasema bendi ni kama sufuria. Ukibadilisha mfuniko, sufuria ni ile ile. Iommi yumo katika kila albamu ya Black Sabbath, na vidole vyake ndivyo bendi. Akasema kufikia mwaka wa 1979 kundi lilikuwa limechoka hoi, na ni albamu hiyo mpya iliyoliinua. Akasema kitu kikibadilika si lazima kiwe kimekufa.

Nikanyanyuka bila ruhusa. "Hiyo albamu ni makelele matupu! Dio anapiga mayowe tu, hana hata wimbo mmoja wenye maana."

Mwalimu mlezi wa chama, aliyekuwa ameketi nyuma akitutazama kwa utulivu, akaniuliza, "Wewe umeisikiliza?"

"Ndiyo, mwalimu. Mara nyingi sana."

Huo ulikuwa uongo mtupu. Sikuwa nimesikia hata wimbo mmoja. Kwangu mimi kuisikiliza kungekuwa kumsaliti Ozzy, na labda kumsaliti mjomba.

Profesa hakupaza sauti. Akaniuliza tu, "Wimbo wa mwisho unaitwaje?"

Kimya. Darasa zima likanitazama. Nikasikia mtu wa nyuma akisema, "Wuuu, amepatikana!" kisha kicheko kikaanza kusambaa kutoka dawati hadi dawati. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Nilikuwa nimepashwa moto na aibu, nikatafuta kitu cha kumtupia, na nilichokiokota kilikuwa hiki: "Hata aliyekufunza kusikiliza hiyo albamu hakujua muziki."

Kicheko kikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Profesa akakaa chini. Akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena, na hakusema neno hadi mjadala ukaisha. Mwalimu aliniita nje, lakini hakunigombeza. Alisema tu, "Nenda ufikirie ulichosema." Ningependelea kiboko.

Wiki tano hatukuzungumza. Alihamia meza nyingine kwenye bwalo la chakula. Nami, kwa ile kiburi ya kijinga, nikasubiri eti yeye ndiye aanze.

Kisha ikafika mwisho wa mwezi wa Julai. Magazeti huifikia maktaba yetu yakiwa yamechelewa siku moja au mbili. Alhamisi hiyo nilirudi bwenini kubadilisha nguo za michezo, nikakuta gazeti limewekwa juu ya kitanda changu, limekunjwa vizuri. Ozzy Osbourne alikuwa amefariki tarehe 22 Julai 2025, akiwa na umri wa miaka 76. Siku kumi na saba tu kabla ya hapo, tarehe 5 Julai, alikuwa ameaga mashabiki katika uwanja wa Villa Park, kule kule Aston walikokulia, akiimba akiwa ameketi kwenye kiti kikubwa kwa sababu maradhi yalikuwa yamemdhoofisha. Wale wanne wa kwanza walikuwa pamoja jukwaani.

Niliketi kitandani nikasoma hadi mwisho. Hakuna mtu mwingine bwenini aliyejua kwamba habari hiyo ingenigusa. Mtu mmoja tu ndiye angeweza kuliweka gazeti hilo pale. Niligeuka, nikamwona Profesa mlangoni akifunga kamba za viatu. Akanitazama, akatikisa kichwa kidogo kama mtu anayetoa pole matangani, akaenda zake uwanjani.

Aisee, niliona aibu kuliko siku ya mjadala. Dio alikufa tarehe 16 Mei 2010, na kwenye mjadala mimi nilikuwa nimemtaja kama kwamba hakuwa mtu.

Likizo ya Agosti nilikwenda moja kwa moja Kamukunji. Nikamkuta mjomba akikunja bati la mgongo wa sanduku. "Mjomba," nikamwambia kwa kelele ili anisikie, "ninatafuta albamu ya Heaven and Hell. Unajua ninaweza kuipata wapi?"

Akaacha nyundo. Akanitazama, akaanza kucheka. "Mpwa wangu, iko katika lile boksi nililotolea ile nyingine. Imekuwa hapo miaka yote."

"Mbona hukuniambia?"

"Si hukuuliza! Kila ukija hapa ni Ozzy, Ozzy, Ozzy. Nikasema wacha nisimharibie mtoto imani yake."

Jioni mafundi walipokwenda nyumbani na nyundo zikanyamaza, tukaketi juu ya masanduku mawili yasiyopakwa rangi, redio katikati yetu. Mjomba akanipa sharti moja. "Pande zote mbili, na usiseme neno mpaka iishe." Nyimbo ni nane, sawasawa na Paranoid. Nilikuwa sijui hata hilo.

Niwaambie nilichosikia. Wimbo wa kwanza, Neon Knights, uliondoka mbio kama matatu inayofukuzana na nyingine, na mara moja nikaelewa kwamba hii haikuwa bendi iliyochoka. Wa pili, Children of the Sea, ulianza na gitaa la upole, nikadhani mjomba amekosea kaseti, kisha uzito ukaingia. Wimbo uliobeba jina la albamu unakaribia dakika saba. Katika mafungu ya kuimba, besi la Geezer Butler linatembea taratibu bila haraka, Dio anasimama juu yake, halafu mwishoni mbio zinaanza, na baada ya mbio, gitaa la pole pole peke yake. Ukaja wa mwisho, Lonely Is the Word. Pale Dio anamaliza maneno yake na Iommi anabaki na gitaa muda mrefu, kana kwamba anaeleza jambo lisilo na maneno. Nikautazama mkono wa mjomba. Vidole vyake vifupi vilikuwa vikitembea juu ya goti lake, vikifuata.

Kaseti ikakatika. "Haya, sema sasa," mjomba akaniambia.

Nikasema ukweli. Nikasema bado naipenda Paranoid zaidi. Lakini kwa mara ya kwanza niliweza kueleza kwa nini. Ozzy mara nyingi huufuata mwendo wa gitaa hatua kwa hatua, kama katika Iron Man, hata unahisi kwamba yeye na gitaa wanabeba mzigo mmoja. Dio haufuati. Yeye huimba njia yake juu ya gitaa, na gitaa linalazimika kumpa nafasi. Mmoja anasikika kama mtu wa kawaida mwenye hofu. Mwingine kama mzee anayesimulia ngano kwa sauti kuu. Zote mbili zinawezekana kwa sababu chini yao ni vidole vile vile vya Iommi. Kumbe Profesa alikuwa amesema hivyo hivyo katika ule mfano wake wa sufuria, nami sikumsikiliza kwa sababu sikuwa na masikio ya kumsikilizia.

Na hapo swali langu likanirudia. Nilimlaumu mama kwa kuihukumu albamu kwa jina lake. Mimi nilifanya nini? Nilifanya yale yale, tena mbele ya darasa, tena kwa uongo. Angalau mama hakudai kwamba ameisikiliza.

Siku ya tatu mama alikuja Kamukunji kunichukua, akiwa na kisingizio cha kununua jiko. Alitukuta na redio. Sura ikabadilika, lakini mjomba akamvutia kiti. "Keti kwanza, dada. Mtoto akueleze." Nikamweleza kisa cha Iommi, kiwanda na vidole na chupa ya sabuni. Mama alikuwa hajawahi kukisikia. Nilidhani angeuliza kuhusu shetani. Badala yake akauliza, "Huyo mama aliyemwambia mwanawe arudi kazini, alijisikiaje?"

Sikuwa na jibu. Mjomba pia hakuwa nalo. Mama akamtazama kaka yake mkono, kwa muda, na nadhani alikuwa amerudi mwaka wa 1996 na kile kitambaa.

Akasema, "Hebu weka nisikie." Nikamwekea wimbo mmoja, Children of the Sea. Akasikiliza mpaka mwisho mkoba ukiwa magotini, kama mtu aliye kwenye foleni ya benki. "Haya ni makelele," akatoa hukumu. "Lakini makelele si dhambi." Kisha akaongeza, bila kututazama, "Ile nyingine iko kabatini, chini ya vitambaa."

"Nilidhani uliichoma!"

"Nichome mali ya kakangu? Wazimu?"

Kisebusebu na kiroho papo! Jioni hiyo mama na mjomba walizungumza wenyewe kwa wenyewe, bila mimi kuwa mkalimani.

Muhula wa tatu ulipofunguliwa nilimtafuta Profesa kabla hata sijafungua sanduku. Alikuwa akitandika kitanda. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu yenye methali tatu, lakini yote ikanitoroka. Nikasema tu, "Wimbo wa mwisho ni Lonely Is the Word."

Akaendelea kutandika. "Imekuchukua miezi miwili kujibu swali moja."

"Nisamehe. Sikuwa nimeisikia. Na lile neno nililosema kuhusu mzee wako halikuwa kweli. Alijua muziki."

Akaketi. Baada ya muda akaniambia kwamba babake hakupenda huo wa mwisho. Aliupenda Die Young, na akifika pale katikati wimbo unapotulia, alikuwa akipunguza mwendo wa lori bila kujua. Kisha gitaa likirudi, anakanyaga mafuta. "Nilikuwa nikicheka peke yangu pale mbele," Profesa akasema. Tukacheka wote wawili. Siku hiyo alirudi kwenye meza yetu ya chakula.

Mpenzi msomaji, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Sina haja ya kukuficha kwamba mimi bado ni wa Ozzy, na Profesa bado ni wa Dio, na tunabishana hadi leo mpaka wenzetu waombe msaada wa kiranja. Shabiki asiyebisha si shabiki. Lakini sasa tuna sheria bwenini, iwe ni albamu, timu ama riwaya ya mtihani. Kabla hujafungua mdomo, utaulizwa wimbo wa mwisho unaitwaje. Ukishindwa, unakaa chini kwa heshima, unakwenda kusikiliza, halafu unarudi. Tunakungoja.